Mwaka 1979: Miji Yetu Mitatu na Treni Zilizoondoka

Bibi yetu alifariki Louisville, Jumatano usiku, mwezi wa kumi na moja. Mjomba alipiga simu saa tano: mazishi ni Jumamosi asubuhi. Sisi tuko Buffalo. Mama mdogo yuko Columbus. Mama haendeshi gari, mama mdogo haendeshi gari, na mimi leseni ninayo lakini gari sina.

Mama alikaa kimya kwenye kochi muda mrefu, halafu akanigeukia. “Wewe si unapandaga gari ya moshi kila wiki? Basi tupande hiyo. Tumpitie mdogo wangu Columbus, twende wote kwa mama.”

Kwake ilikuwa hesabu rahisi. Nikafungua simu na kutafuta, ingawa jibu nilikuwa nalijua. Buffalo kwenda Columbus moja kwa moja kwa treni: hakuna. Columbus kwenda Louisville: hakuna. Louisville yenyewe: hakuna stesheni inayofanya kazi.

“Amerika yote hii?” mama akauliza. “Na gari ya moshi hakuna?”

Tulimpata baba mmoja wa kanisani aliyekubali kutupeleka, lakini alitoka zamu Ijumaa saa sita usiku. Karibu kilomita 880, theluji mpaka tulipopita Erie, kisha Columbus kumchukua mama mdogo aliyekuwa amekaa mlangoni na begi lake tangu alfajiri. Tulipofika Louisville watu walikuwa wameshatoka makaburini. Mama alikwenda kusimama mbele ya udongo uliokwisha kufukiwa.

Kwenye kipindi niligusia habari hii kwa dakika mbili tu, sauti ikanikauka. Hapa nataka niieleze vizuri, kwa sababu swali la mama lilinifuata mpaka nyumbani. Kwa nini mji wangu una treni na mji wa mama mdogo hauna? Nilidhani jibu litakuwa “Wamarekani wanapenda magari”. Hilo ndilo jibu ambalo kila mtu anakupa. Kumbe siyo. Jibu lina tarehe, lina sheria, lina watu waliopiga kura. Na kwa miji yetu yote mitatu, linapita kwenye mwaka mmoja: 1979.

Abiria wa kila wiki

Kwanza niseme ninachokijua kwa macho yangu. Kila Jumanne na Alhamisi, kabla jua halijachomoza, napanda basi kutoka upande wa Grant Street mpaka stesheni ya Exchange Street, katikati ya Buffalo. Ni stesheni ndogo na mpya, ilifunguliwa Novemba 2020. Napanda treni ya kuelekea New York, nashuka Rochester, karibu kilomita 100. Ni mwendo wa saa moja na kitu. Jioni narudi.

Ukiwa abiria wa kila wiki unaanza kuwajua watu bila kujua majina yao. Kuna mama mmoja muuguzi anayelala kabla treni haijaondoka na kuamka Rochester bila kuamshwa. Kuna wanafunzi. Kuna mzee anayekwenda kwa daktari wake, hawezi tena kuendesha. Watu wengi humo ndani ni kama mama yangu: hawana gari, au wanalo lakini macho hayaruhusu, au theluji inawatisha.

Dakika chache tu baada ya kuondoka, unaona jengo kubwa lenye mnara wa ghorofa 17, limesimama peke yake upande wa mashariki wa mji. Hiyo ni Buffalo Central Terminal. Ilifunguliwa Juni 1929, wakati Buffalo ilikuwa moja ya njia panda kubwa za reli Marekani, na ilijengwa kuhudumia treni zaidi ya 200 kwa siku. Treni yangu inapita pembeni yake na haisimami. Treni ya mwisho kuhudumia abiria pale iliondoka Oktoba 1979.

Nimepita hapo miezi mingi bila kujiuliza. Nilikuwa naiona kama mlima tu, kitu kilichokuwepo.

Mama na siku ya treni

Mama alikulia Kalemie, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Wazazi wetu wengi mnaonisoma mnatoka huko au jirani: Kalemie, Fizi, Uvira, Bujumbura. Alipokuwa mtoto alisafiri na bibi kwa treni mpaka Kabalo kutembelea ndugu. Anasema mtaani hakuna aliyehitaji kalenda. Treni ikipiga honi unajua ni siku gani, unajua samaki wabichi wataisha sokoni kwa sababu wachuuzi wamepakia.

Vita ilipowafukuza, walivuka ziwa kwa boti, wakashukia Kigoma. Na Kigoma alikuta nini? Reli nyingine. Stesheni ya zamani ya Wajerumani, mwisho wa njia inayotoka Dar es Salaam. Kutoka hapo wakapelekwa kambini Nyarugusu, na miaka mingi baadaye wakaletwa Marekani. Mji wa kupelekwa hukuchagua wewe. Mashirika ya kupokea wakimbizi ndiyo yaliyopanga. Bibi na mjomba wakapangiwa Louisville. Mama mdogo Columbus. Sisi Buffalo.

Hapa lazima niseme ukweli, tusije tukaziona reli za nyumbani kama zawadi. Wajerumani walianza kujenga njia ya kati Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji walifikisha ya kwao ziwani, Kalemie, mwaka 1915. Hawakujenga ili mama yangu aende kumwona bibi yake. Walitaka mazao, madini na askari wapite. Waliobeba mataruma na kuchimba njia ni Waafrika, kwa jasho na kwa ujira wa chini, wengine bila hiari. Lakini reli ikishalala chini, watu wanaigeuza kuwa yao. Wachuuzi, wanafunzi, wagonjwa, watu wa msiba wanapanda.

Kwa hiyo reli ni uamuzi wa mtu. Kuna anayeamua ijengwe, kuna anayeamua ifungwe. Shika hilo, sasa turudi Marekani.

Nani alizifuta?

Zamani treni za abiria Marekani ziliendeshwa na kampuni binafsi, zilezile za mizigo. Baada ya vita ya pili ya dunia mambo yakabadilika. Mwaka 1956 ilipitishwa sheria ya barabara kuu, na serikali ya shirikisho ikalipa asilimia 90 ya gharama za barabara hizo. Viwanja vya ndege navyo vilijengwa kwa pesa za umma. Reli haikupata mkono kama huo. Kampuni ililipia njia yake yenyewe na ikalipa kodi juu yake. Mwaka 1967 posta iliondoa sehemu kubwa ya barua kwenye treni, na barua ndizo zilizokuwa zinaziba hasara. Mwaka 1970 kampuni kubwa ya Penn Central ikafilisika.

Yaani usiseme watu waliamka asubuhi moja wakaacha kupenda treni. Upande mmoja ulilipiwa, upande mwingine ukaambiwa ujitegemee.

Serikali ikaunda Amtrak, iliyoanza kazi tarehe 1 Mei 1971 kuchukua mzigo wa abiria. Siku hiyohiyo karibu nusu ya treni za abiria zilizokuwepo zilifutwa. Miji yetu mitatu ilinusurika. Buffalo ilibaki na treni za kwenda New York. Columbus ilibaki na treni ya kutoka pwani ya mashariki mpaka Kansas City, iliyokuja kuitwa National Limited. Louisville ilibaki na treni ya Chicago mpaka Florida, iliyoitwa Floridian. Hebu fikiria: kama wazazi wetu wangekuja miaka ya sabini, mama mdogo angeweza kupanda treni Columbus.

Kisha ikaja 1979. Mwezi Januari wizara ya uchukuzi, chini ya Rais Jimmy Carter, ilipendekeza kukata asilimia 43 ya urefu wa njia zote za Amtrak ili kubana matumizi. Miezi michache baadaye, kutokana na mapinduzi ya Iran, petroli ikaadimika. Magari yalipanga foleni vituoni na watu wakajaa kwenye treni. Bunge likaokoa baadhi ya njia. Lakini Oktoba 1979 treni kadhaa za masafa marefu zilifutwa hata hivyo, na kati yao zilikuwemo National Limited na Floridian.

Mwezi uleule, Amtrak ikahama Buffalo Central Terminal. Buffalo ilipoteza jengo. Columbus na Louisville zilipoteza treni yenyewe.

Columbus hata jengo halikubaki. Stesheni yao kuu ilikuwa na nguzo na matao mazuri mbele ya High Street, kazi ya ofisi ya msanifu Daniel Burnham mwishoni mwa karne ya 19. Sehemu hiyo ya mbele ilibomolewa Oktoba 1976, miaka mitatu kabla treni yenyewe haijaondoka. Tao moja tu liliokolewa na leo limesimama kwenye bustani jirani. Binamu zangu wamepiga picha za mahafali chini ya tao hilo. Walidhani ni pambo.

Louisville nayo ina Union Station ya mwaka 1891, nzuri kweli, ila leo ni makao makuu ya kampuni ya mabasi ya mji, TARC. Mjomba huenda pale kwa mambo ya kadi ya basi. Treni zilijaribu kurudi mara moja. Desemba 1999 ilianza treni ya kutoka Chicago iliyoitwa Kentucky Cardinal, mwanzoni ikiishia ng'ambo ya mto, na Desemba 2001 ikaingia Louisville. Ilitembea usiku kucha kwenye reli iliyochoka, safari ambayo gari linaimaliza kwa saa tano hivi. Julai 2003 ikafutwa. Mtu anaweza kusema, “Unaona, watu hawakuipanda.” Mimi nauliza: nani angepanda chombo kilichowekwa kishindwe?

Kwa nini Buffalo ilibaki

Hapa ndipo nilipoelewa. Mwaka 1974 wapiga kura wa jimbo la New York waliulizwa kama jimbo likope dola milioni 250 kuokoa reli zake. Wakasema ndiyo. Mwaka 1982 wapiga kura wa Ohio waliulizwa kama waongeze kodi ya mauzo kwa asilimia moja ili kujenga treni ya kasi. Wakasema hapana.

Ni kweli New York ina bahati: mwisho wa njia yake kuna jiji kubwa kuliko yote nchini. Lakini bahati peke yake hailipi bili. Sheria ya mwaka 2008, iliyoanza kufanya kazi kikamilifu Oktoba 2013, inasema kwa njia nyingi fupi kuliko maili 750, yaani kama kilomita 1,200, lazima majimbo yachangie kuzilipia. Treni yangu ya Jumanne inatembea kwa sababu jimbo la New York linalipa. Jimbo likiacha, treni inaacha. Waulize watu wa Indiana: jimbo lao lilipoacha kulipa, treni ya Indianapolis na Chicago iliyoitwa Hoosier State ilikufa mwezi Juni 2019. Imebaki moja inayopita siku tatu kwa wiki.

Wala sisi wa Buffalo tusijivune sana. Reli tunayotumia hadi karibu na Albany ni mali ya CSX, kampuni ya mizigo. Tangu mwaka 1973 sheria inasema treni ya abiria ipewe njia kwanza, lakini anayepanga nani apite ni mwenye reli. Na ukitaka kwenda Ohio, iko treni moja kwa siku, Lake Shore Limited, inayofika Cleveland usiku wa manane au alfajiri. Ukishuka Cleveland, hapo ndipo reli ya abiria inapokukatikia. Columbus iko kilomita 230 kusini, tafuta mtu mwenye gari.

Dola milioni 400

Nataka mjue jambo moja zaidi, hasa mlioko Ohio. Januari 2010 serikali ya shirikisho iliipa Ohio dola milioni 400 kuanzisha treni kati ya Cleveland, Columbus, Dayton na Cincinnati. Pesa zilikuwa mkononi. Novemba mwaka huo John Kasich alichaguliwa gavana, na alikuwa ameshasema hataki. Hoja zake hazikuwa za kijinga: treni ingeenda polepole, na kila mwaka jimbo lingelipa gharama za kuiendesha. Desemba 2010 pesa zile zikachukuliwa na kupewa majimbo mengine yaliyozitaka.

Binamu yangu mkubwa wa Columbus alikuwa darasa la tatu wakati huo, na mama mdogo bado alikuwa anajifunza kupanda basi la mji. Hakuna mtu aliyekuja kuwauliza. Na hata wangeulizwa, walikuwa hawajapata uraia wa kupigia kura.

Sasa linganisha. Njia ya Cleveland mpaka Cincinnati ni kama kilomita 400. Dar es Salaam mpaka Dodoma ni zaidi ya hapo kidogo. Tanzania, nchi ambayo wazazi wetu waliiacha wakiwa na kadi za mgao wa chakula, ilianza kubeba abiria kwa treni ya umeme Dar mpaka Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Safari iliyochukua karibu siku nzima kwa basi au treni ya zamani sasa ni kama saa tatu na nusu. Imejengwa kwa mikopo mikubwa, na watu wana haki ya kuuliza italipwaje. Lakini mtu akikwambia treni ni kitu cha nchi tajiri, mwonyeshe Dodoma. Halafu mwonyeshe Columbus.

Mlango haujafungwa kabisa. Desemba 2023 serikali ya shirikisho ilichagua njia kadhaa za kupangwa upya. Ndani yake imo ile ya Cleveland, Columbus, Dayton na Cincinnati. Imo nyingine ya Chicago mpaka Pittsburgh kupitia Columbus. Imo pia Louisville mpaka Indianapolis. Kila moja ilipewa hadi dola 500,000. Hizo ni pesa za kuandika mpango, si za kununua injini. Baada ya mpango, swali litarudi palepale lilipokuwa 1974, 1979, 1982 na 2010: jimbo liko tayari kulipa au hapana?

Tofauti ni kwamba safari hii tupo. Binamu yangu sasa ni raia na anapiga kura. Nilipomsimulia haya yote alinyamaza, kisha akasema, “Kwa hiyo siku ile ya bibi hatukuchelewa kwa sababu ya theluji.” Nikamwambia theluji ilichangia. Lakini theluji huanguka Buffalo pia, na Jumanne iliyofuata treni yangu iliondoka.

Mama hana maneno mengi kuhusu hili. Siku ya arobaini ya bibi tuliifanya Columbus, katikati, ili wote tufike, na tulianza kutafuta magari wiki tatu kabla. Tukiwa njiani aliniambia kwamba bibi alipokuwa Kalemie hakukosa msiba wa mtu hata mmoja wa upande wa Kabalo. Alisubiri siku ya treni, akafunga kanga, akaenda.

Basi tufanye hivi. Muulize mzazi wako, au bibi kama unaye bado, treni ya kwanza aliyopanda: kutoka wapi, kwenda wapi, alikwenda kumwona nani. Mrekodi, tutumie sauti, tutaziweka kwenye kipindi kijacho. Na kama uko Columbus au Louisville, siku wakiitisha mkutano wa wananchi kuhusu njia hizo mpya, nenda naye. Mwache aulize kwa Kiswahili swali lilelile aliloniuliza mama, na wewe umtafsirie.